Kisa cha Mzee H.: kuchagua kamera ya mtumba ya kurudi nayo kwenye filamu

Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya mwenyewe. Jina lake, mji wake na mambo mengine ya kumtambulisha nimeyaondoa. Kilichobaki ni mambo yenyewe yalivyokwenda, pamoja na makosa yangu mawili.

Usuli

Mzee H. ana miaka 68, anaishi mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi studio ya picha ya mtaani: paspoti, harusi, maulidi, watoto waliovalishwa nguo za Idi. Studioni walikuwa na kamera kubwa ya kwenye stendi. Yake mwenyewe, ya kutembea nayo, ilikuwa Zorki 4 yenye lenzi ya Jupiter-8 ya milimita 50, aliyoletewa na kaka yake aliyekwenda kusoma Umoja wa Kisovieti. Aliitumia hadi miaka ya mwanzo ya 2000, wateja walipohamia dijitali na mashine za kusafisha mikanda zikazimwa moja baada ya nyingine. Akaitia kwenye mfuko wake wa ngozi, akaiweka juu ya kabati.

Zorki ni kamera ya rengifainda. Kwa asiyeijua: hutazami kupitia lenzi kama kwenye kamera zenye kioo cha ndani (SLR). Unatazama kupitia kidirisha cha pembeni, na katikati yake kuna kiraka kinachoonyesha taswira ya pili ya kitu kile kile. Unazungusha lenzi mpaka taswira mbili zikutane. Zikikutana, fokasi imekaa. Haina kioo cha kuruka ndani, kwa hiyo ina sauti ndogo na mtu unayempiga picha haondoki machoni pako hata shata, yaani pazia la kupitisha mwanga, inapofunguka. Aliyezoea kupiga hivyo kwa miaka ishirini mkono wake hausahau, na ndiyo maana Mzee H. alipotaka kurudi kwenye filamu hakutaka kusikia habari za aina nyingine.

Zorki yenyewe ilikuwa imeshakufa. Mjukuu aliishusha kabatini, akazungusha gurudumu la spidi kabla ya kuvuta mkanda. Kwenye Zorki sharti ni moja: vuta kwanza, spidi baadaye. Ukigeuza utaratibu huo unaweza kuharibu mtambo wa ndani, na hapo ndipo ilipokwama. Nilipoifungua nikakuta pia pazia la kitambaa limekauka na lina vitundu vya kupitisha mwanga. Lenzi ilikuwa na ukungu kwenye vioo vya ndani, lakini bado ilikuwa na maisha.

Kamera ya kwanza

Binti yake ni muuguzi Ujerumani. Kabla hajanitafuta alikuwa ameshamnunulia baba yake Yashica Electro 35 GSN kwenye gulio la vitu vya zamani. Kwa sura ilikuwa safi, chuma kinang'aa, na lenzi ya milimita 45 yenye f/1.7 (ukubwa wa tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) haina mkwaruzo. Ikafika kwa mkono wa msafiri. Mzee akatia mkanda, akapiga picha 36, akausafisha mwenyewe kwa dawa aliyoagiza. Negativu zikatoka karibu zote nyeusi tii, maana yake mwanga ulipita kiasi.

Hapo ndipo binti aliponipigia. "Kaka, naambiwa unazijua kamera hizi. Baba amenyamaza siku ya tatu."

Mimi hushughulika na kamera za zamani nje ya saa za kazi: nazifungua, nazisafisha, nazipima. Nikampigia mzee, nikamwamkia, nikamwomba aisogeze kamera karibu na simu na avute mkanda taratibu. Electro nzima hutoa mlio mzito wa "klak" unapovuta. Yake ilikuwa kimya. Ndani ya kamera hizi kuna kipande kidogo cha mpira ambacho kwa umri huoza na kusagika. Kikiisha, mtambo unaopanga muda wa shata haukai sawa, na dalili yake kubwa ni picha kuingiza mwanga mwingi mno. Zaidi ya hapo, shata yake ni ya umeme. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki ya volti 5.6, haitengenezwi tena, kwa hiyo unatumia ya volti 6 yenye adapta. Bila betri inabaki na spidi moja tu ya shata, 1/500 ya sekunde.

Mzee akaongeza lalamiko la pili: "Na kile kiraka hakiungani, mwanangu. Naona watu wawili wawili, na wote wamefifia."

Nikamwambia rengifainda nayo imeharibika. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilitugharimu wiki mbili za kutafuta kamera kwa kigezo kisicho sahihi.

Macho

Jambo lilifumbuka kwa bahati. Tukiwa kwenye simu ya video, mzee akamwita mkewe aliyekuwa upande wa pili wa ua, akamwambia kanga yake imeshika msumari. Alimwona vizuri kabisa, bila miwani. Nikamuuliza anapotazama kwenye kamera anavaa miwani gani. Akasema ya kusomea, kwa kuwa kamera iko karibu na jicho.

Watu wengi wanaorudi kwenye filamu uzeeni hudhani hivyo, na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza mwanzo. Kidirisha cha kamera hakikuonyeshi kitu kilicho puani. Kimetengenezwa ili taswira ionekane kama iko hatua kadhaa mbele yako. Kwenye Leica za M, kwa mfano, kimewekwa kwenye dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) −0.5, sawa na kutazama kitu kilicho umbali wa mita 2. Miwani ya kusomea inalenga umbali wa kitabu mkononi, kwa hiyo kila kitu kidirishani kinafifia, na kiraka kilichofifia hakiwezi kuungana na chochote. Anayehitaji miwani ya kuonea mbali aivae. Mwenye miwani ya sehemu mbili atazame kupitia sehemu ya juu. Asiyehitaji ya mbali aache macho matupu.

Mzee akavua miwani, akatazama nguzo ya umeme. Kimya kidogo. Kisha: "Imeungana."

Kumbe rengifainda ya Yashica ilikuwa sawasawa muda wote. Nikamwomba radhi, tukaanza kuchagua upya.

Meza ya uamuzi

Binti alikuwa na euro 450 kwa mwili wa kamera, matengenezo na mikanda ya mwanzo. Nikaandika mambo ambayo hayabadiliki: macho ya mzee, jua la pwani, unyevu wa pwani, na kwamba fundi wa karibu wa kamera za aina hii ni mimi, niliye mbali naye safari ya siku nzima. Jina la kamera nikaliacha mwisho. Wengi huanza na jina, na nadhani hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Kulikuwa na Leica. Ndugu wa Ulaya walikuwa tayari kuchanga wanunue M3, ile ya mwaka 1954 ambayo kila mtu huisifia, na sifa zake ni za kweli. Umbali kati ya vidirisha vyake viwili ukiuzidisha kwa ukuzaji wa kidirisha wa 0.91 unapata kama milimita 62 za kupimia fokasi, na kwa lenzi ya milimita 50 sijashika kamera inayolenga kwa uhakika kuliko hiyo. Niliipinga hata hivyo. Mwili wake peke yake ungemaliza bajeti na kuidai zaidi. Pazia lake ni la kitambaa, na kamera ya rengifainda haina kioo cha kukinga pazia: ukiiacha mezani lenzi imetazama jua bila kifuniko, lenzi inageuka kioo cha kuwashia moto na kutoboa kitambaa. Kwa mtu anayepiga picha ufukweni kuanzia asubuhi, hiyo ni hatari ya kila siku. Na mzee mwenyewe alisema neno lililomaliza mjadala: "Hiyo nitaogopa kutoka nayo."

Canonet QL17 GIII ya mwaka 1972 ndiyo ninayowashauri watu wengi. Ni ndogo, ina lenzi ya milimita 40 yenye f/1.7, na shata yake ni ya kimakanika, kwa hiyo hata mita ya kupimia mwanga ikifa kamera inaendelea kupiga. Betri ya zebaki ya volti 1.35 inayohitaji haipatikani, lakini betri namba 675 ya vifaa vya kusaidia kusikia, yenye volti 1.4, inakaribia kiasi cha kutosha. Hukaa miezi michache tu ukishabandua karatasi yake. Kilichoiangusha kwa mzee ni jua. Spidi yake ya juu ni 1/500 na tundu lake dogo ni f/16. Kwa mkanda wa ISO 400 (ISO ni wepesi wa mkanda kushika mwanga) adhuhuri ya pwani inakutaka hapo hapo ukutani, na kwenye mchanga mweupe unavuka ukuta. Ungelazimika kukaa na mikanda ya ISO 100, na mzee anapenda kupiga pia ndani ya nyumba jioni. Tena lenzi yake haitoki, ilhali mzee alikuwa na Jupiter-8 aliyoijua kama ufunguo wa mlango wake.

Jupiter ile ndiyo iliyotuelekeza. Inafungwa kwa skrubu ya milimita 39, ile ile ya Leica za zamani, na Canon nao waliitumia. Zorki nyingine ingekuwa rahisi na ina kitu kizuri kwa wazee: wenzo wa kurekebisha dayopta kidirishani. Lakini zilizo sokoni nyingi zina pazia kavu kama la mwenzake. Voigtländer Bessa R ya mwaka 2000 inakubali skrubu hiyo pia, kiraka chake kinang'aa, spidi inafika 1/2000, na mita yake ya ndani inatumia betri za saa ambazo fundi saa yeyote anazo. Kwa mtu asiyewahi kupima mwanga kwa jicho ningeipendekeza bila kusita. Ilizidi bajeti.

Tukaangukia Canon P, ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Haina mita wala betri. Pazia lake ni la chuma cha pua, jua haliliunguzi. Mgongo wake unafunguka kama mlango, mkanda unauona unapoutia. Na kidirisha chake kinaonyesha dunia kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo unaweza kufungua macho yote mawili: fremu ya milimita 50 inaelea mbele ya mtaa, na jicho la kushoto linaona nani anakuja kuingia kwenye picha. Fremu ya milimita 35 iko pembezoni mno. Asiyevaa miwani huitafuta kwa shida, na mwenye miwani asijisumbue. Mzee alihitaji ya 50 tu.

Ukaguzi kwa video

Duka moja la vitu vya mtumba mjini kwa binti lilikuwa na mbili. Tukazikagua kwa video, yeye akishika, mimi nikiona na kusikiliza.

Tulianza na spidi za pole, kwa sababu grisi ya miaka sitini hugandia huko kwanza. Sekunde 1 kwenye kamera ya kwanza ilisikika kama sekunde 2 na kukwama njiani. Ya pili ilikwenda sawa. Tukafungua mgongo, akaelekeza kwenye ukuta mweupe na kupiga 1/1000 mara kadhaa. Tulitafuta kama upande mmoja unabaki giza, dalili kwamba mapazia mawili hayakimbii sambamba. Pazia lilikuwa na makunyanzi kama karatasi ya sigara. Binti akashtuka, akataka kuirudisha. Nikamtuliza: Canon nyingi za chuma zina makunyanzi hayo na zinafanya kazi. Kinachotazamwa ni kama mwanga unapenya, na ukiweka tochi ya simu upande wa lenzi ndani ya chumba chenye giza utajua. Haukupenya.

Kisha rengifainda. Lenzi ikiwa kwenye mwisho wa mbali, mnara wa simu wa mbali lazima uungane kiraka na kiraka. Uliungana kwa upana, ila kwa urefu taswira moja ilipanda kidogo juu ya nyingine. Kosa la wima haliharibu fokasi, linachosha jicho tu, na fundi hulirekebisha. Tukalitumia kupunguziwa bei. Mwisho tukapima mita 1 kwa futi ya kushonea, tukasoma namba kwenye lenzi ya duka. Sawa.

Neno hilo, "lenzi ya duka", lilinipita. Nitalirudia.

Mikanda mitatu

Nilisafisha ukungu wa Jupiter-8 nyumbani kwangu. Kioo kimoja kilibaki na alama hafifu ulipokula rangi ya kinga, kwa hiyo ukipiga kuelekea jua picha inavaa utaji. Kivuli cha lenzi kinasaidia.

Mkanda wa kwanza ulitoka na mawimbi ya kijivu yanayokata picha baada ya picha. Msafiri alikuwa ameweka mikanda kwenye sanduku la kwenda chini ya ndege, ambako mashine za miale ni kali na huharibu mikanda. Kamera haikuwa na kosa.

Wa pili ulikuwa mzuri kiasi cha kumfanya mzee anipigie usiku. Alipima mwanga kwa kichwa chake, kwa kanuni ya zamani: jua kali, tundu f/16, spidi sawa na ISO ya mkanda. Dawa ya D-76 aliiandaa kwa maji aliyoyapoza kwa barafu hadi nyuzi 20, maana maji ya bomba la pwani hupita nyuzi 28 na muda wa kusafisha unakuwa mfupi mno kuudhibiti. Kwa mkanda wa HP5 Plus kwenye dawa isiyozimuliwa alikaa dakika 7 na nusu. Hakuhitaji kuniuliza chochote hapo. Mimi ndiye niliyemuuliza.

Wa tatu alipiga watu wa karibu, mita 1, kwa f/2. Macho ya watu hayakukaa kwenye fokasi, hata picha moja. Kiraka kiliungana, lakini picha ilikataa.

Hili ndilo kosa langu la pili. Lenzi za Kisovieti za skrubu zinaingia kwenye Leica na Canon bila shida, lakini hesabu za fokasi za pande hizo mbili zinatofautiana kidogo. Kwa mbali, na tundu likiwa dogo, hakuna anayeona tofauti. Kwa karibu na tundu likiwa wazi, inaonekana. Tulikagua Canon kwa lenzi ya duka, na mzee akapiga kwa lenzi yake. Nikaichukua Jupiter, nikabadilisha unene wa pete nyembamba iliyo kati ya vioo na mwili wa lenzi, nikapima kwa rula iliyolazwa mshazari mpaka mita 1 hadi 3 ikakaa sawa. Malipo yake ni kwamba kwa mandhari ya mbali lazima afunge hadi f/5.6. Nilimweleza achague, akachagua watu.

Matokeo

Gharama yote, pamoja na marekebisho ya kiraka na mikanda kumi, ilikuja euro 430. Hadi ninapoandika, mzee ameshapiga mikanda 14. Pete ya chuma ya kidirisha ilitishia kukwaruza miwani ya jua anayovaa mchana, akaibandikia mwenyewe duara la mpira lililokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mfuko wa ngozi tumeuacha: ngozi hushika unyevu, na unyevu ndio uliolea ukungu wa mwanzo. Kamera inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko na pakiti za kukausha, na kila wiki inatolewa ipigwe upepo.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuanza na lenzi iliyokuwepo na macho yaliyokuwepo. Kama tungeanza na orodha ya kamera bora za rengifainda, tungefika M3, na leo ingekuwa juu ya kabati lile lile. Ukaguzi wa video pia ulilipa: bila sauti ya sekunde 1 tungechukua kamera ya kwanza, ambayo kwa sura ilikuwa nzuri kuliko hii.

Kilichoshindwa ni mpangilio wa maswali yangu. Mtu aliyeacha filamu miaka ishirini amebadilika mwili. Swali la miwani lilipaswa kutangulia swali la bajeti, na nililifikia kwa sababu ya kanga iliyonasa kwenye msumari. Siku hizi ndilo naanza nalo, na nimeshakutana na wawili waliokuwa wakiuza kamera nzima kwa kudhani kiraka kimekufa.

La lenzi ni zito zaidi, kwa sababu nilikuwa nalijua. Nilijua tofauti ya Kisovieti na Canon kwa miaka, ila nilikagua mwili na lenzi kama vitu viwili. Rengifainda haina uhakika mpaka mwili na lenzi vikae pamoja, kwa sababu jicho halipiti kwenye lenzi. Ukinunua, pima kwa lenzi utakayotumia, kwa umbali unaopigia watu, tundu likiwa wazi, kwa mkanda mmoja wa majaribio kabla muda wa kurudisha haujaisha. Sisi muda huo ulipita kamera ikiwa angani.

Kuhusu Yashica, binti aliona amepoteza fedha. Sikubaliani naye kabisa. Niliifungua, nikabadilisha kile kipande cha mpira, nikatia betri ya volti 6, na "klak" ikarudi. Sasa iko kwa mjukuu yule yule wa Zorki, ana miaka 12, anafuatana na babu yake baraza ya wacheza bao baada ya alasiri. Mzee alimchagulia mwenyewe. Electro haina gurudumu la spidi.